Mikono ya Minerva

Abate Vannozzi aliinamia shingo ya mungu yule wa kike kama mnunuzi anayenusa tikiti sokoni, akafumba macho, kisha akatangaza kwamba jiwe lile lilikuwa la Kigiriki. Hapakuwa na jiwe. Mbele ya pua yake palikuwa na karatasi ambayo ilikuwa haijakauka vizuri, niliyoitoa kwenye mashine yetu ya kuchapia asubuhi ileile na kuianika kwenye kamba dukani pamoja na nyingine tano za namna yake. Lakini Abate alisema jiwe, na Waingereza wawili aliokuja nao wakaitikia, naam, jiwe. Mimi, Crispino Carosi, muuza picha wa mtaa wa Babuino, nilikuwa nimekwisha kufumbua kinywa niseme ukweli. Nikakifumba.

"Na marumaru yenyewe iko wapi, Sor Crispino?" akaniuliza bila kugeuka.

Nikamjibu kwamba mwenye nayo hapendi itajwe. Uongo ukazaliwa hivyo, bila uchungu wowote wa uzazi, na kabla sijamaliza kuona haya mmoja wa Waingereza alikuwa akiulizia bei.

Roma ya mwaka ule, 1786, ilikuwa imepandwa kichwani na ukale. Mkulima akichimba shimo la kupandia kabichi aliomba akutane na kidole cha mguu cha mfalme fulani aliyekufa tangu enzi za upagani, maana kidole hicho kingemlisha muda mrefu kuliko kabichi. Mabwana waliotujia kutoka kaskazini kwa magari ya farasi walitaka kila kitu kiwe cheupe, kitulivu na kisichojibu. Walitaka pua zilizonyooka, nguo zenye mikunjo kama mifereji, na macho yasiyo na mboni. Sisi watu hai tuliwakera. Walitulaumu kwa kelele zetu, kwa vitunguu vyetu, kwa kuthubutu kuanika nguo zetu kati ya macho yao na mahekalu. Abate Vannozzi ndiye aliyewatembeza. Hakuwa na kanisa wala sikupata kumsikia akisali; alivaa joho fupi jeusi na kola nyeupe, akala chakula cha mchana kwenye meza za watu, akalipa kwa maelezo.

Picha ile ilimwonyesha Minerva, ambaye Warumi wa kale walimkabidhi hekima, vita na kazi zote za mikono. Alikuwa amevua kofia yake ya vita na kuiweka chini penye nyayo zake. Mkono mmoja ulipumzika juu ya mkuki, mwingine ulishika uzi wa kusokota, na kichwa kiliinama kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayemsikiliza mwongo kwa heshima. Nyuma yake hapakuwa na kitu: hakuna wingu, hakuna nguzo, hakuna malaika. Mistari michache tu, mirefu, safi, isiyotetereka. Macho ya mtu yaliteleza juu yake kama maji juu ya sahani. Aliyeichonga alikuwa dada yangu Faustina, naye hakuiiga popote.

Faustina alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, na kudharau watu kwake kulikuwa rahisi kama kupumua. Baba yetu, marehemu Filippo, alimfundisha kuchonga shaba kwa sababu mkono wangu mimi ulimshinda kuufundisha. Tangu akiwa msichana aliketi chumba cha juu, dirishani, nyuma ya karatasi iliyopakwa mafuta ili kuupoza mwanga. Bamba la shaba alilipumzisha juu ya mto wa ngozi uliojaa mchanga. Mkono wa kulia ulisukuma kalamu ya chuma, wa kushoto ulilizungusha bamba, na shaba ikachipuka mbele ya ncha kama unyoya wa kifaranga. Kwa miaka ishirini na tano alichonga michoro ya wanaume. Makosa yao yote aliyajua kwa majina. Huyu hajui goti hukunjwa vipi. Yule huficha vidole ndani ya nguo kwa kuwa hawezi kuvichora. Aliwasahihisha kimyakimya, kisha jina la mchoraji likaandikwa kwa herufi nene upande wa kushoto, lake likafuata upande wa kulia kwa herufi za kutafuta, "F. Carosi", na wanunuzi wakasoma Francesco, au Federico, au chochote kile kinachovaa suruali.

Majira ya baridi yaliyotangulia alikataa kazi mbili, akaniambia kwamba amechoka kuwapangusa makamasi watu wazima. Akachukua bamba jipya akachonga alichotaka. Mwili aliuazima kwa Menica, dobi wetu kutoka Trastevere, ng'ambo ya mto, mjane wa miaka thelathini na kitu ambaye alituletea shuka kila Jumamosi. Alimsimamisha karibu na jiko la makaa, akamviringisha shuka safi aliyokuja nayo mwenyewe, akamwambia ainamishe kichwa na anyamaze. Ujira wake ulikuwa bakuli la matumbo na kipande cha mkate. Menica alikula kwanza, akasimama baadaye. Alisema hajawahi kusikia mtu aliyelishwa na msanii kazi ikishakwisha.

Nilipopanda juu kumweleza habari za jiwe, Faustina hakuinua kichwa mpaka nilipomaliza.

"La Kigiriki," akasema.

"Ndivyo alivyosema."

"Na wewe ukasemaje?"

"Nikasema mwenye nalo hapendi litajwe."

Nilitegemea anirushie kitu. Badala yake alivua miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha wino, akabaki na doa jeusi shavuni. Akaniagiza nimwache Abate aendelee, nisimsaidie wala nisimzuie. Alitaka kuona mjinga asiyezuiliwa huishia wapi.

Alifika mbali. Kwaresima haijaisha, alikuwa amekwisha andika kijitabu cha kurasa arobaini juu ya marumaru ambayo haikuwapo. Alimtaja mchongaji wake kwa jina. Alieleza kwa nini kofia imevuliwa, na kwamba kuinama kwa shingo ni ishara ya hekima inapopokea amri kutoka kwa Jupita. Picha zikatoka kama mikate ya asubuhi. Chini ya picha, kwa ombi lake, tulichonga maneno "Kutokana na marumaru ya kale, kwa uangalizi wa Abate P. Vannozzi". Kuhusu mchonga shaba, alikuwa na maoni pia. Siku moja alinieleza kwa upole kwamba bamba lile bila shaka ni kazi ya marehemu baba yetu, iliyosahauliwa ndani ya droo ya meza, kwa kuwa kifundo cha mkono wa mwanamke hutetemeka kwenye mistari mirefu. Aliyasema hayo Faustina akiwa amesimama pembeni yake, ameshika karatasi kumi na mbili zenye mistari mirefu.

Siku hiyo dada yangu hakucheka. Nilidhani atasema, na nadhani yeye mwenyewe alidhani atasema. Lakini dharau ilikuwa imekwisha kuwa kilevi chake, na mlevi hamfukuzi mwenye kilabu. Jioni aliniuliza, kama kawaida, yule punda leo amelia nini. Nikamwigizia sauti ya Abate juu ya sahani za mboga chungu na jibini, nikikunja vidole kama alivyokunja yeye, na Faustina akaniongezea divai. Sina budi kukiri kwamba tulikuwa na furaha. Tangu utotoni hatukuwahi kupendana kama majira yale ambayo tulikuwa na mtu mmoja wa kumdharau pamoja.

Jumamosi moja baada ya Pasaka, Abate alikuwa dukani na mabwana wanne na bibi mmoja wa Kijerumani, wameizunguka picha. Faustina alikuwa nyuma ya pazia la chumba cha mashine, mahali alipozoea kusimama ili asikose neno. Menica akaingia na kikapu kichwani. Mlango wetu ni mfupi. Aliinamisha shingo upande wa kushoto ili kikapu kipite, akabaki hivyohivyo, maana mabwana walikuwa wameziba njia.

Abate alikuwa amefikia penye shingo. Alieleza kwamba mstari ule, kutoka sikioni hadi begani, hauonekani tena duniani. Damu ya Kirumi imechujuka, kizazi kimeporomoka, na wanawake wa mji huu wa leo ni, alitafuta neno la adabu, wazito. Aligeuka atafute mfano wa uzito huo, na jicho lake likatua juu ya Menica, aliyekuwa amesimama chini ya picha yake mwenyewe, shingo chini ya shingo, mstari chini ya mstari.

"Mama, sogea," akamwambia. "Unatuzibia mwanga."

Menica akasogea. Bibi wa Kijerumani akajiziba pua kwa leso, kwa sababu ya harufu ya sabuni, nadhani, maana harufu nyingine haikuwapo. Nyuma ya pazia nilisikia pumzi ya dada yangu ikitoka kwa raha ndefu.

Walipokwenda zao, Faustina alijitokeza uso ukimng'aa. Alimtaka Menica asimame tena palepale, mimi nitazame, tena nitazame vizuri, nione upofu wa watu wenye vitabu ulivyo. Menica alitua kikapu. Ilikuwa mara ya kwanza anaiona picha. Katika siku zote alizosimama kando ya jiko hakuna aliyefikiri kumwonyesha. Aliikaribia akaitazama kwa muda mrefu, juu kwenda chini.

"Shingo ni yangu," akasema. "Bega hili pia. Hata hapa nyuma ya sikio, ni mimi. Mikono ya nani?"

Faustina akamweleza kwamba mikono aliitoa kwenye ile ya plasta iliyotundikwa ukutani juu. Ilikuwa mikono ya sanamu fulani maarufu, mirefu, laini, vidole kama mishumaa ya altareni.

"Na yangu?"

"Yako haikufaa." Dada yangu alisema bila chuki, kama asemavyo karatasi fulani haifai. "Imevimba, Menica. Ina nyufa za magadi. Huyu ni mungu."

Menica akaigeuza mikono yake, mbele na nyuma, kwa utulivu wa mtu anayekagua shuka kabla ya kuikunja.

"Si ndiye huyu yule wa joho fupi anasema ni mungu wa kazi za mikono? Kusokota, kufuma, na yote hayo?"

"Ndiye."

"Basi kazi zenyewe anazifanyia nini? Miguu?"

Nikacheka. Nilikuwa peke yangu katika kucheka. Menica aliinua shuka zetu safi kutoka kikapuni akaziweka juu ya meza moja moja, na alipomaliza akasema, bila kupandisha sauti, "Yule bwana hakuniona, sawa. Hajapata kunitazama. Wewe ulinitazama siku kumi na moja, Sora Faustina. Halafu ukanikata hapa," akajigusa kifundo cha mkono, "ukatupa."

Akachukua kikapu kitupu akaondoka. Shuka chafu hakuzichukua. Jumamosi iliyofuata alikuja mwanamke mwingine, na salamu kwamba Sora Menica hana nafasi tena upande huu wa mto.

Mimi nikaona ni kiburi tu cha dobi, kitapita. Lakini jioni nilipoanza kuigiza sauti ya Abate, Faustina aliniambia nile kabla chakula hakijapoa. Jioni ya pili vilevile. Nikiwa na kichekesho kizuri kabisa kuhusu Abate na bibi wa Kijerumani, nilikimeza na mkate. Nilipopanda juu kufuata karatasi niliikuta mikono ya plasta imeteremshwa kutoka ukutani, imelazwa kifudifudi juu ya kabati. Siku kadhaa baadaye, adhuhuri, nikasikia nyundo.

Shaba haisahau kwa hiari. Mtu akitaka kuufuta mstari uliokwisha kuchongwa lazima aukwaruze mpaka uishe, na pale alipokwaruza panabaki bonde. Basi inambidi alipindue bamba, apime kwa uangalifu mahali bonde lilipo, alipige kutoka nyuma mpaka lipande liwe sawa na pande zake, kisha alisugue kwa chuma laini na mafuta mpaka ling'ae kama ambalo halijaguswa. Pigo moja likienda pembeni, uso wa mungu umepinda. Nilisimama mlangoni nikamwomba aache. Sitajisafisha: sikuzungumza juu ya sanaa. Nilimwambia kwamba bamba lile ndilo linalotulisha, kwamba wiki ijayo yuko milodi mmoja, bwana mkubwa wa Kiingereza, anayetaka nakala ishirini na nne, kwamba mikono ni mikono tu na hakuna anayenunua picha ya mwanamke kwa ajili ya mikono.

"Ondoka kwenye mwanga," akaniambia.

Kazi ilimchukua siku tisa. Aliegemeza kioo kidogo dirishani, akaketi mbele yake kutwa nzima. Alipomaliza mikono aliyafuta pia maneno ya Abate, na mahali pake akachonga kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara: "Faustina Carosi alibuni, alichora, alichonga". Jina zima, bila kifupisho cha kujifichia. Nililipaka bamba wino, nikalipangusa kwa kitambaa na kisha kwa kiganja, nikalaza karatasi yenye unyevu juu yake, nikafunika kwa blanketi na kuzungusha gurudumu. Nilipoifunua karatasi nilisimama nayo mikononi muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Mungu alikuwa na mikono ya kazi. Vifundo vilikuwa vikubwa, kucha fupi, ngozi imepasuka kando ya dole gumba, na uzi ule, ambao mwanzo ulining'inia kwenye vidole vya plasta kama pambo, sasa ulikuwa umeshikwa. Wala hakikubadilika kiungo kile peke yake. Shingo ileile, iliyokuwa ikimsikiliza mwongo kwa heshima, sasa ilikuwa ya mtu aliyeitwa akiwa katikati ya shughuli na ambaye atairudia shughuli hiyo, umemaliza kusema au hujamaliza. Nikajua hatutauza hata moja.

Abate alimleta yule milodi siku ya Jumanne. Aliisogelea kamba kwa hatua za mwenye nyumba, kijitabu mkononi, na pua yake ikasimama katikati ya safari.

"Nani ameiharibu?" akauliza.

Faustina akatoka nyuma ya pazia. Alikuwa amevaa aproni yake ya kazi, na mikono hakuinawa.

"Mimi," akasema. "Na hakuna marumaru, Bwana Abate. Haijawahi kuwapo. Nimeibuni mimi mwenyewe, na mwili ni wa dobi wetu, yule uliyemwambia asogee."

Nimekumbuka uso wa mtu yule mara nyingi kuliko nyuso za watu niliowapenda. Nilitazamia uwe mwekundu, au mweupe. Haukuwa chochote. Alimtazama dada yangu kwa huruma, huruma ya kweli, kama daktari anavyomtazama mgonjwa anayedai amepona.

"Bibi," akasema polepole, "marumaru ile nimeiona."

Gari la farasi lilipita nje, likatikisa karatasi kambani.

"Umeiona wapi?" Faustina akauliza.

"Mwenye nayo hapendi itajwe."

Kisha akamgeukia milodi, akamweleza kwa Kifaransa, ambacho alidhani hatukijui, kwamba wivu wa mabinti juu ya kazi za baba zao ni ugonjwa unaojulikana. Kwamba mwanamke huyu maskini ameharibu bamba la marehemu ili apate kuandika jina lake. Na kwamba ni msiba kwa elimu. Milodi alitikisa kichwa kwa masikitiko. Alinunua nakala sita za zamani zilizokuwa zimebaki, akazikunjia kwenye ngozi mwenyewe, akasema hatahitaji zaidi. Abate alimfungulia mlango. Alipotoka aliniinamia kichwa mimi, si dada yangu.

Tulivuna tulichopanda. Abate alikuwa na rafiki katika ofisi inayotoa ruhusa za kuchapa, na ruhusa ya maneno yetu mapya ilikawia, ikakawia, mpaka nikaacha kuiulizia. Mabwana wa kaskazini wakaanza kuvuka barabara kabla ya kufika mlangoni petu. Nikarudi kuchapa watakatifu wa maandamano, wale wa karatasi nyembamba wanaonunuliwa na wajakazi. Ile Minerva ya mikono ya plasta ndiyo iliyobaki katika majalada ya wakubwa. Nimeiona mara mbili tangu hapo, na chini yake mtu ameandika kwa wino kwamba msanii hajulikani. Abate alikufa uzeeni, mezani kwa mtu, na wasomi wakamwandikia sifa kwa Kilatini.

Lakini jioni ile ya Jumanne hayo yote yalikuwa bado. Nilifunga duka, nikapanda juu nikiwa nimejiandaa kwa hasira, au kwa kile kicheko chake. Nilikuwa nacho tayari kisa cha kumsimulia, na lilikuwa jambo kubwa kabisa ambalo Abate amewahi kutupa. Nilianza, "Marumaru ile nimeiona," kwa sauti yake ileile. Faustina aliinua mkono.

"Usifanye hivyo," akasema. "Uongo ule ulimfundisha wewe. Na mimi nilikaa nyuma ya pazia mwezi mzima nikimlisha."

Aliketi mbele ya dirisha mikono mapajani, viganja juu. Sikumwona wakati mwingine wowote akiwa amekaa bila kazi, si kabla wala baada. Baadaye aliniuliza Menica anaishi mtaa gani hasa wa Trastevere, nami nikagundua kwamba katika miaka sita hatukuwahi kumuuliza.

Asubuhi alichukua nakala moja mpya, iliyo bora, akaizungushia kitambaa, akanitaka nimsindikize. Tulivuka daraja. Njiani nilimwona akitikisa midomo. Alikuwa anapanga hotuba. Tuliuliza njia, tukawakuta madobi mahali pao pa kufulia, chini ya paa lililoegemezwa kwenye ukuta wa zamani, karo refu la mawe, na wanawake kama ishirini wamepiga magoti pande zote wakipiga nguo. Mwanamume haingii pale bila kulipa ushuru wa maneno. Waliniona na kola yangu nyeupe.

"Sora Menica, umeletewa mwanamume aliyekwisha kupigwa pasi!"

"Mrudishe huyo, ametiwa wanga mpaka ndani."

Menica aliinuka akajipangusa mikono kwenye aproni. Hakutusalimu kwa ubaya wala kwa uzuri. Faustina aliifunua picha, na hotuba yote ya darajani ikampotea.

"Nimekurudishia mikono yako," akasema tu.

Wanawake wawili watatu wakasogea. Menica hakuigusa karatasi, kwa kuwa alikuwa amelowa. Aliinama, akaweka mikono yake kando ya picha bila kuifikisha, mmoja huku, mmoja huku, akalinganisha. Alichukua muda wake. Mwishowe akatikisa kichwa.

"Hii si yangu, Sora Faustina."

"Nimeweka nyufa zote."

"Umeweka. Lakini kidole changu hiki hakikunjiki tangu nikiwa msichana, na huyu wako anakikunja. Na uvimbe huu hapa, wa kubana kitu chembamba kutwa nzima, mimi sina. Dobi hapati uvimbe hapa." Akainua macho. "Hii ni yako."

Dada yangu alitazama picha, kisha kidole chake. Nikatazama mimi pia. Nilikuwa nimelipaka bamba lile wino na kulipangusa kwa kiganja changu, nimeishi nyumba moja na mikono ile miaka thelathini na minane, na nilihitaji mwanamke wa Trastevere anionyeshe.

Faustina akaanza kusema maneno mengi kwa pamoja: kwamba alikuwa na kioo tu, kwamba Menica hakuwapo, kwamba bamba linaweza kurekebishwa, shaba inavumilia, aje Jumamosi, safari hii wataelewana kwanza juu ya malipo, halali, kama anavyolipwa mtu yeyote.

"Jumamosi nina kazi," Menica akasema. Aliingiza mkono kwenye karo, akavuta pembe ya shuka kutoka majini, akaivuta mpaka ikatoka nusu, nzito, ikimwagika. "Na leo nina kazi. Shika huko."

Nilidhani dada yangu atageuka turudi. Alinipa picha bila kunitazama, akapandisha mikono ya gauni hadi viwikoni, akapiga hatua juu ya mawe yaliyolowa, akaishika ile pembe nyingine. Wakanyoosha shuka kati yao. Menica akaanza kusokota, naye Faustina akasokota, lakini alisokota kwa kufuatana naye, na shuka ikawa inazunguka tu hewani, maji yote yakiwa bado ndani. Mapigo ya nguo yakanyamaza karo zima. Wanawake walitazama.

Menica aliacha kusokota. Alishika upande wake imara akangoja. Faustina alisimama, akatazama mikono yake, akaibadilisha jinsi ilivyoshika, akaanza kusokota kwa upande mwingine. Shuka ikakaza, ikawa kama kamba, na maji yakaanza kutoka katikati yake, matone kwanza, halafu mfululizo, yakimwagikia viatu vyao wote wawili. Dada yangu alikuwa akihema. Ukingoni mwa karo palikuwa na rundo jingine lililopita kiuno changu. Menica aliitupa ile iliyokamuliwa kikapuni, akaingiza mkono majini kutafuta pembe ya shuka nyingine, na alipoinua kichwa Faustina alikuwa amekwisha kunyoosha mikono.